Mwalimu Gwakisa na Mikono ya Gitau

Kwa miaka kumi na mmoja Gwakisa Mwasomola alifundisha hesabu katika sekondari moja ya Tukuyu, na hakuna aliyewahi kumwambia anyamaze. Katika chumba cha kioo juu ya jukwaa la Chuo cha Ashgrove, nje kidogo ya Laurel, aliambiwa hivyo siku ya pili tu ya kukaa kwake.

Mkewe Honorata, ambaye ni muuguzi, ndiye aliyetangulia kuja Marekani. Gwakisa akafuata na watoto wawili. Vyeti vyake vya ualimu alivizungusha ofisi hadi ofisi mpaka bahasha ikachakaa. Mwisho akapata kazi ya kufua jezi za timu ya chuo, timu ya ule mpira wa Kimarekani wanaouchezea mikononi, wachezaji wamevaa kofia ngumu na mabega ya plastiki. Mwaka wa kwanza aliona vurugu tu: watu ishirini na wawili wanavamiana, wanaanguka, wanainuka, wanavamiana tena. Mwaka wa pili akaanza kuona hesabu.

Maana hesabu ilikuwemo. Timu inapewa majaribio manne ya kusogeza mpira yadi kumi. Ikizipata, inaanza kuhesabiwa upya. Ikizikosa, mpira unakwenda kwa wapinzani. Na kabla ya kila jaribio kuna swali lile lile: mpira urushwe juu, au apewe mtu aukumbatie, akimbie nao katikati ya ile miili? Pale Ashgrove mwenye kujibu swali hilo alikuwa mtu mmoja, kocha Whitlock. Alikaa juu kwenye chumba cha kioo anakoona uwanja wote, akanong'ona majibu yake kwenye visikilizi, na wenzake walioko chini wakawafikishia wachezaji kwa ishara.

Kijana aliyekuwa akimwandikia Whitlock kumbukumbu za mchezo alihitimu akaondoka. Mtunza vifaa akasema, "Yule mfuaji wetu ana kichwa cha hesabu, mjaribuni." Wakamjaribu. Gwakisa akapewa kiti kushoto kwa Whitlock, darubini, na karatasi zenye mistari: jaribio la ngapi, yadi ngapi zimebaki, mpira umerushwa au umekimbizwa, umekimbizwa na nani, zimepatikana ngapi.

Katika mechi ya pili aliona jambo akafungua mdomo. "Kocha, nadhani..."

Whitlock alivua visikilizi polepole, akamtazama kama mtu anayemtazama nzi aliyetua kwenye chai. "Wewe unahesabu," alisema. "Kuchagua ni kazi yangu."

Tangu siku hiyo Gwakisa alihesabu. Jumamosi baada ya Jumamosi alihesabu, ulimi ameukalia, mpaka ikafika mechi ya mwisho ya msimu, Novemba, jua kali lisilo na joto, na jukwaa limejaa watu waliojifunika mablanketi.

Asubuhi ya siku ile simu yake iliita. Alikuwa Waringa.

"Mwalimu, leo nakuja," alisema. "Nimepata ruhusa kazini. Lakini nakwambia mapema, wakiniangushia mtoto vibaya nitaingia hapo ndani mimi mwenyewe."

"Mama Gitau, kuangushwa ndiyo kazi yenyewe."

"Basi waanguke wao."

Waringa alikuwa Mkenya wa kutoka Nyandarua, akiishi Springfield na kuhudumia wazee huko Arlington, zamu za wikiendi ndizo zake. Mwanawe Gitau alikuwa mbeba mpira wa Ashgrove, yule anayepewa mpira akimbie nao. Miaka minne alikuwa amecheza, na mama yake hajawahi kumwona hata mara moja: kwanza kwa sababu ya kazi, na pili, ingawa hakulisema, kwa sababu ya hofu. Leo ilikuwa mechi ya mwisho ya kijana. Mwezi wa tano anahitimu, na baada ya hapo hakuna mtu atakayemlipa kukimbia.

Gwakisa na watu hao hawakuwa wageni. Aliposhuka ndegeni na watoto wake, Honorata akiwa bado kwenye chumba kimoja cha kushirikiana na wauguzi wenzake, Waringa ndiye aliyewafungulia chumba cha chini cha nyumba yake. Wakakaa miezi minane. Hakuwahi kuwauliza watatoka lini. Gitau, wakati huo akiwa bado sekondari, alimwita Gwakisa Anko Mwalimu, akasaidiwa hesabu za pembetatu pale mezani huku mama yake akikaanga viazi.

Mechi ilianza saa saba mchana, na kufikia robo ya pili Whitlock alikuwa amekwisha kuvunja kalamu mbili.

Mwaka mzima Ashgrove walikuwa timu ya kukimbiza mpira. Ndiyo nguvu yao, na watu walimlaumu Whitlock kwayo: anakimbiza mno, anatabirika, amepitwa na wakati. Leo hata kule kukimbiza kulikuwa kumekufa. Kila Gitau alipopewa mpira, kabla hajapiga hatua tatu, walikuwa wamekwisha kumfikia. Alibebwa, akabwagwa. Aliinuka, akapewa tena, akabwagwa tena. Mara moja alikawia kuinuka, na Gwakisa akageuza darubini kwenye jukwaa bila kujua anatafuta nini, akamwona Waringa na koti lake jekundu, amesimama, mikono yote miwili mdomoni.

Alirudisha macho kwenye karatasi yake. Gitau amekimbia mara kumi na mbili, yadi kumi na moja. Hata yadi moja moja haijafika. Lakini msaidizi wake, kijana mzito asiye na mbio wala ujanja, alikuwa ameingizwa mara nne Gitau alipokuwa akipumua, akapata yadi ishirini na tatu. Njia zile zile, ukuta ule ule wa kumkinga, walinzi wale wale.

Hesabu ilikataa. Na hesabu ikikataa, mwalimu huwa hasemi bahati mbaya. Anatafuta kosa liko mstari gani.

Akaacha kutazama mpira. Akamtazama mlinzi wa kati wa wapinzani, namba hamsini na nne, jitu lenye shingo kama gogo. Aliona kwamba kabla ya baadhi ya majaribio namba hamsini na nne hujipiga makofi mawili juu ya kofia yake, na ukuta wote wa walinzi unasogea mbele. Akiwa hajajipiga, wanabaki nyuma. Na kila alipojipiga, Gitau alipewa mpira. Kila mara.

Anajuaje?

Gwakisa akamrudia Gitau, darubini imegandamizwa machoni hadi inauma. Jaribio la tatu, yadi mbili. Gitau akainama nyuma ya mrushaji, yule anayeushika mpira kwanza kila jaribio, akajipangusa viganja mapajani, mara mbili, haraka. Namba hamsini na nne akajipiga kofi. Gitau akapewa mpira, akabwagwa pale pale. Zamu iliyofuata mpira ulirushwa. Gitau alikuwa ameinama vile vile, ila mikono imetulia.

Gwakisa alishusha darubini. Suruali zile alizifua yeye. Kila Jumatatu alisugua kwa brashi mabaka mawili ya gundi ya glavu mapajani mwa namba ishirini na mbili, namba ya Gitau, wiki baada ya wiki, akimlaani mwenye nguo kwa uchafu. Barua ilikuwa mikononi mwake muda wote, yeye akaiona doa.

Alimgeukia Whitlock. Kocha alikuwa akinguruma kwenye visikilizi, mishipa ya shingo imesimama. Wiki tatu zilizopita msaidizi wa Gitau alikosea njia mara moja tu, na Whitlock akamkalisha benchi mechi mbili nzima. Akiambiwa sasa kwamba Gitau ndiye anayewauza, kwa mikono yake mwenyewe, kijana hatacheza tena. Leo, mbele ya mama yake, siku pekee aliyokuja.

Gwakisa akanyamaza. Wakaenda mapumziko wakiwa nyuma, kumi kwa sita.

Wakati makocha wanateremka, alijipenyeza mpaka kwenye mapipa ya maji, akamkuta Gitau amekaa, kipande cha barafu shingoni.

"Gitau, nisikilize," alimwambia kwa Kiswahili, sauti ya chini. "Ukijua unapewa mpira, unajipangusa mikono. Hapa, mapajani. Yule hamsini na nne anakusoma. Usijipanguse tena."

Gitau alimkodolea macho. "Anko, mimi hufanya hivyo?"

"Kila mara."

"Kocha anajua?"

"Hajui. Acha tu. Tuliza mikono."

Kijana akaitikia kwa kichwa. Gwakisa akapanda ngazi akiwa mwepesi, akijiona amefanya jambo la busara lisilomuumiza mtu.

Robo ya tatu ikaanza, Ashgrove wana mpira, na Whitlock, kwa ubishi wake, akachagua kukimbiza. Gwakisa akainua darubini. Gitau akainama. Mikono ikaanza kwenda mapajani, ikasita hewani, ikarudi. Namba hamsini na nne akatulia, hakujipiga kofi. Vizuri, Gwakisa akawaza, vizuri mwanangu. Mrushaji akageuka akampa Gitau mpira. Mikono ya Gitau ikaupokea kama mikono ya mtu aliyeazimwa mikono. Ukamgonga kifuani, ukadunda, ukaanguka.

Miili ikalundikana juu yake. Walipoachana, mpira ulikuwa chini ya tumbo la mpinzani.

Whitlock hakupiga kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alisema kwenye visikilizi, "Namba ishirini na mbili atoke. Sitaki kumwona tena leo."

Majaribio matatu baadaye wapinzani waliuingiza mpira mwisho wa uwanja, pointi saba. Kumi na saba kwa sita.

Gwakisa aliweka kalamu mezani.

"Kocha, kosa si lake. Ni langu."

Whitlock hakugeuka. "Hesabu."

"Nimehesabu. Ndilo ninalotaka kukuambia." Na kabla hajakatazwa mara ya pili akamsogezea karatasi mbele ya macho, akaweka kidole. "Gitau mara kumi na tatu, yadi kumi na moja. Msaidizi mara nne, ishirini na tatu. Wanajua lini Gitau anapewa mpira. Anajipangusa mikono mapajani, na namba hamsini na nne akimwona anajipiga kofia kuwaarifu wenzake. Niliona robo ya pili. Sikukuambia, nilijua utamtoa. Nikamwambia yeye aache. Akawa anafikiria mikono badala ya mpira. Ndiyo maana mpira umeanguka."

Sasa Whitlock aligeuka. Alikuwa mtu wa miaka sitini, macho yamezungukwa na mikunjo ya kukosa usingizi, na kwa muda Gwakisa alidhani atapigwa.

"Ulijua tangu robo ya pili."

"Ndiyo."

"Ukamwambia mchezaji. Hukuniambia mimi."

"Ndiyo, kocha."

"Nani mwingine anajua?"

"Namba hamsini na nne."

Whitlock alitoa sauti ambayo kwa mtu mwingine ingekuwa kicheko. Akatazama uwanjani, akatazama karatasi, akabonyeza kitufe. "Mpeni ishirini na mbili simu." Akasikiliza. Akafunika kinasa sauti. "Anasema hataki kuongea na mtu. Amejifunika taulo." Akamsukumia Gwakisa simu ya mezani. "Ongea naye kwa lugha yenu. Mwambie ajipanguse. Kila jaribio. Apewe mpira asipewe, ajipanguse."

Gwakisa aliishika simu. Alisikia pumzi tu upande wa pili, na kelele za jukwaa.

"Gitau. Ni mimi."

Gitau akamuulizia mama yake kwanza. "Anko, mathe ameona?"

"Ameona. Na atakuona ukirudi. Nisikilize. Ile ya kujipangusa, ifanye."

"Si umeniambia niache?"

"Nilikosea. Ifanye kila mara, hata mpira ukiwa si wako. Hasa ukiwa si wako. Umenielewa?"

Pumzi ikatulia kidogo. Gitau hakuwa mjinga. "Ah," alisema. "Tunamdanganya."

"Tunamdanganya."

Zamu iliyofuata Gitau aliingia, na baadhi ya watu jukwaani wakamzomea kwa ule mpira ulioanguka. Akainama. Akajipangusa mapajani, mara mbili. Namba hamsini na nne akajipiga kofia pa, pa, na ukuta wote ukaruka mbele kumlaki. Mrushaji akajifanya kumpa Gitau, akaurudisha, akaurusha juu ya vichwa vyao kwa mtu aliyekuwa amebaki peke yake kabisa, amesahauliwa. Akakimbia nao yadi hamsini na nane, akauingiza. Kumi na saba kwa kumi na tatu.

Whitlock hakushangilia. Alisema tu, "Tena," na zamu iliyofuata Gitau alijipangusa mara tano, na mara tatu kati ya hizo mpira ulirushwa. Kufikia robo ya nne namba hamsini na nne hakuwa akijipiga kofi tena. Alikuwa amesimama wima, anatazama huku na huku, na katika nafasi ya kusita kwake Gitau alianza kupita. Yadi nne. Yadi sita. Yadi tano. Ukuta wa Ashgrove, uliokuwa umelaumiwa mchana kutwa, ukaanza kuwasukuma watu nyuma. Zikiwa zimebaki dakika sita Gitau aliuingiza mpira mwenyewe, na mtu mmoja akining'inia mguuni. Ishirini kwa kumi na saba.

Lakini dakika sita ni nyingi. Wapinzani walipanda hadi katikati ya uwanja, wakakwama, wakaupiga mpira teke uende mbali. Ashgrove wakaupata na kazi ikabaki moja tu: kukimbiza, kula saa, wasiutoe mpira mkononi. Wapinzani walitumia muda wao wote wa kusimamisha saa. Na ikiwa imebaki dakika moja na sekunde tano, katikati ya uwanja, Ashgrove walifika jaribio la nne, wakipungukiwa na yadi moja kasoro. Wakaomba kusimama.

Wakiipata ile yadi, mechi imekwisha. Wakiikosa, wapinzani wanachukua mpira pale pale, na dakika nzima ya kulipiza. Na ilikuwepo njia ya waoga, kuupiga mpira kwa teke uende mbali na kuomba Mungu.

Sauti ya kocha mkuu, aliyekuwa chini uwanjani, ilisikika kwenye visikilizi. "Tupige teke au twende?"

Whitlock aliziba kinasa sauti kwa kiganja. Alimgeukia Gwakisa. "Baada ya mapumziko, ishirini na mbili amekimbia mara ngapi?"

"Mara kumi na nne, ukitoa ule ulioanguka."

"Alizokosa yadi moja?"

"Moja tu."

"Na kujipangusa? Nimwambie ajipanguse au asijipanguse? Hamsini na nne atatarajia nini?"

Gwakisa alifungua mdomo kujibu kwa hesabu, akakuta hesabu haina la kusema. Aliona tena ile mikono ikisita hewani. "Usimwambie lolote kuhusu mikono," alisema. "Mwache afanye inavyomjia. Afikirie mpira tu."

Whitlock aliitikia kwa kichwa. Akaachia kinasa sauti. "Tunakwenda. Katikati, upande wa kulia. Ishirini na mbili. Na msimwambie kitu kingine."

Wakapanga. Gwakisa hakushika kalamu. Gitau akainama, na mikono ikaenda yenyewe mapajani, mara mbili, kama ilivyokwenda miaka minne yote. Namba hamsini na nne aliona. Mkono wake ukainuka kuelekea kofia, ukasimama njiani. Akachelewa nusu hatua, si zaidi. Mpira ukatoka. Gitau akajitupa katikati, na lundo la miili likamfunika, likasukumwa mbele, likasukumwa nyuma, filimbi ikalia.

Hakuna aliyejua. Waamuzi wakachambua miguu na mikono mpaka wakaufikia mpira. Wakaleta mnyororo wa kupimia zile yadi kumi, wakaunyoosha kando yake. Mwamuzi akapiga magoti. Whitlock alikuwa amesimama, paji la uso limegusa kioo. Mwamuzi akainuka, akapima kitu kwa vidole viwili akiwaonyesha manahodha, upana wa dole gumba, kisha akanyoosha mkono mbele: yadi imepatikana.

Ashgrove.

Chumba kikalipuka. Watu wakakumbatiana, kahawa ikamwagika juu ya karatasi. Gwakisa alikaa tu.

Whitlock alikunja visikilizi vyake akaviweka kwenye mkoba. Alipofika mlangoni alisimama. "Ukiona kitu, unaniambia mimi. Dakika ile ile. Ukinificha tena kitu nusu mechi, usipande ngazi hizi." Akaondoka.

Kwenye maegesho upepo ulikuwa umeanza kukata masikio. Waringa alikuwa ameegemea gari lake, macho mekundu. Gitau alikuwa bado ndani, akifungwa bandeji kifundo cha mkono.

"Mwalimu, mimi sikuona ya mwisho," alisema. "Nilifumba macho. Nimeuliza mzungu mmoja aliyekaa karibu nami, akanikumbatia. Ndiyo nikajua tumeshinda."

Gwakisa alicheka, kisha kicheko kikamwisha. Angeweza kuliacha lipite. Hakuna ambaye angemwambia. "Mama Gitau, ule mpira ulioanguka, ambao watu walimzomea... mimi ndiye niliyeuangusha."

Akamweleza yote, hapo hapo, wamesimama kwenye baridi: mapajani, mapipa ya maji, maneno aliyomwambia mtoto na aliyomficha kocha. Waringa alisikiliza bila kumkatiza, mkono kwenye mlango wa gari. Gwakisa alipomaliza, mama aliuachia ule mlango.

"Ulimficha kocha ili asimkalishe," Waringa alisema.

"Ndiyo. Kwa kuwa ulikuwa umekuja."

"Mimi nilikuwa nimekuja kumwona mtoto. Hata akiwa amekaa benchi ningemwona." Alivuta pumzi. "Siku nyingine usinichagulie, Mwalimu. Nichagulie viti tu, vile vya mbele, karibu na jua."

"Nimekusikia, Mama Gitau."

"Haya. Mpigie Honorata aje na watoto. Leo mnakula kwangu, na trafiki ya Springfield ikianza hatutafika."

Mlango wa vyumba vya wachezaji ukafunguka, Gitau akatoka akichechemea, begi begani, akiangaza maegesho yote kumtafuta mama yake. Waringa akaacha kuzungumza, akaanza kukimbia.